Cha Kushoto

Katika nyumba ya mzee Pelo, kule Ha Mosenye milimani, hakuna mke anayetamka neno moyo. Si kwamba mioyo hawana. Wanayo tele, na mmoja wao anao mkubwa kuliko kawaida, kama tutakavyoona. Shida ni kwamba mzee mwenyewe anaitwa Pelo, na pelo kwa Kisotho ndio moyo. Mkwe wa Kisotho halitaji jina la baba mkwe wake wala neno lililofanana nalo, hata akiwa peke yake kisimani na ndoo yake. Kwa hiyo wake wote wa ukoo ule wana neno lao. Wanasema cha kushoto.

Mke wa pale akishtuliwa na mbwa, atakwambia cha kushoto kilimruka. Akimsifu jirani mkarimu, atasema mama yule ana cha kushoto kizuri. Kondoo akichinjwa, mtu huuliza cha kushoto kimewekwa wapi, kwa sababu hicho ni cha mzee na hakiliwi na mwingine. Hata Mamokhethi, mke wa mzee mwenyewe, amezoea hivyo hivyo, naye humwita mumewe Baba Mokhethi basi. Kanisani ndiko kwenye kituko. Nyimbo za kanisa zimejaa moyo kila mstari, na wake wa ukoo wa Pelo wakifika hapo hufunga midomo, huvuma kidogo puani, kisha huendelea na wenzao. Mchungaji mgeni aliwahi kudhani benchi lile zima lina mafua, akawaombea.

Katika benchi hilo, aliyevuma kwa sauti nzuri kuliko wote alikuwa mkwe mdogo, Mapulane.

Kwao aliitwa Limpho. Lakini siku alipochinjiwa kondoo wa kumkaribisha ukweni, wazee walimpa jina jipya kama kila bibi harusi wa kule, Mapulane, yaani Mama Pulane. Pulane alikuwa hajazaliwa, hajatungwa, na bibi harusi mwenyewe alikuwa bado anaona haya kula mbele ya watu. Ndivyo wanavyofanya. Mtoto huanza kuitwa kabla hajaja, kisha husubiriwa.

Pulane alisubiriwa sana. Mapulane alikuwa fundi wa kushona, ana cherehani yake ya mkono karibu na dirisha, na wanawake walipanda mlima kutoka vijiji vya bondeni kuja kushonewa magauni ya seshoeshoe, yale ya kitambaa cha maua madogo madogo chenye kunukia kabla hakijafuliwa. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mkono, na ana utani wa kumfanya mteja atoe pumzi aliyoibana tumboni wakati wa kupimwa. Mimba za kijiji kizima yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzijua, kwa sababu futi yake ilimwambia kabla waume hawajaambiwa. Naye hakusema. Aliacha kitambaa cha akiba kwenye mishono ya kiunoni, akanyamaza.

Ila kila aliyeingia mlangoni aliita, "Mapulane, upo?" na kila mara jina hilo lilimgusa mahali panapouma. Kipupwe cha kwanza kilipita, cha pili kikapita. Alikwisha kubeba mimba mara mbili, na zote mbili zilitoka kabla hazijaonekana. Zote mbili zilikwenda kwa namna moja: kichefuchefu kilikata ghafla, siku chache baadaye akaona damu. Alilia, akanyamaza, akarudi kwenye cherehani. Watu wa nyumba ile hawakumlaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomfanya alie zaidi.

Sasa alikuwa na ya tatu. Mumewe Mokhethi alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye ujenzi, na kila Jumamosi alipiga simu. Hakuuliza habari ya mimba waziwazi, kwa sababu mambo hayo hayatangazwi kabla tumbo halijajitangaza lenyewe. Aliuliza tu, "Pulane hajambo?" kama anayemuulizia mtu aliyelala chumba cha pili.

Nakwambia, hakuna mwanamke aliyewahi kufurahia kutapika kama Mapulane. Asubuhi alijifunga blanketi lake, akaenda nyuma ya zizi, akatapika, akarudi anatabasamu huku machozi yanamtoka. Harufu ya moshi wa samadi kavu ya kuwashia moto ilimchefua, akashukuru. Uji mchachu, ambao alikuwa akiupenda tangu utotoni, ulimpindua tumbo, akashukuru tena. Mamokhethi, ambaye jikoni husikia kila kitu, alisikia kule kutapika kwa kila siku na kuendelea kupuliza moto wake akiwa na furaha iliyofichwa. Maadamu mkwe anatapika, mtoto yupo.

Halafu ikaja asubuhi moja mwanzoni mwa baridi, mtama umeshakatwa, Mapulane akaamka na njaa.

Haikuwa njaa ya kawaida. Alitaka makande, yale ya mahindi mapya na maharage, yaliyolala kwenye sufuria na kushikana. Aliyataka ya baridi, na aliyataka palepale. Alikaa kitandani akasikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza kama mvua imekatika. Kichefuchefu hakikuwepo. Alivuta harufu ya moshi kwa makusudi, akaona ni moshi tu. Hata ule uchovu uliokuwa ukimlaza juu ya cherehani mchana ulikuwa umeondoka, na mikono yake ilitaka kazi. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliogopa, kwa sababu alishawahi kuamka asubuhi kama hiyo, mara mbili.

Angefanya nini? Angemwambia mama mkwe, halafu amwone anavyojikaza asionyeshe huzuni? Alijua hana nguvu ya kuutazama uso ule mara ya tatu. Basi akajifunga blanketi kama kawaida, akaenda nyuma ya zizi kama kawaida, akainama, akajikohoza na kukoroma kooni mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Akatema mate, akajifuta mdomo, akarudi. Mamokhethi akampa pole. Naye akaipokea.

Akaendelea hivyo siku baada ya siku. Asubuhi alitapika hewa, na mchana aliiba chakula cha nyumba yake mwenyewe. Alikula ugali uliobaki, alikula mboga za majani kwa vidole, alikula viazi vya moto mpaka ulimi ukaungua. Jambo lililomchanganya ni kwamba damu haikuja. Lakini hakuthubutu kufurahi. Alijiambia kwamba safari hii huenda mtoto ameondoka kimyakimya, bila hata kuaga. Gauni lake la bluu lilikataa kufunga zipu, na fundi huyu, aliyesoma matumbo ya wanawake wote wa bonde, alilitazama lake akasema ni la makande. Hakujipima. Futi ilikuwa shingoni kwake kutwa nzima, na hakuthubutu kuizungusha kiunoni mwake.

Jumamosi simu ililia. Aliposikia, "Pulane hajambo?" aliitia simu mkononi mwa mama mkwe, akasema kichefuchefu kimemshika, akatoka. Mamokhethi alimwambia mwanawe kwamba wote wazima. Lakini alipokata simu alibaki ameishika, akiufikiria ule mwendo aliotoka nao mkwe wake. Mtu anayekwenda kutapika hatembei namna ile.

Kesho yake asubuhi Mamokhethi aliacha moto wake, akazunguka zizi kwa upande wa pili. Alimkuta mkwe ameinama, mkono mmoja ukutani, anatoa sauti za kutisha. Mkono wa pili ulikuwa na bakuli la makande. Mashavu yote mawili yalikuwa yamejaa.

Mamokhethi alisimama, akafunga mikono kifuani.

"Mwanangu," akasema, "hebu nieleweshe. Unatapika au unatafuna?"

Mapulane alijaribu kumeza, akapaliwa, makande mengine yakamtoka puani. Mama mkwe akampiga piga mgongoni, akamwondolea bakuli, akaliweka juu ya ukuta. Ndipo yule mkwe akaangua kilio. Akasema yote: kwamba kichefuchefu kimekwisha, kwamba amekuwa akidanganya, kwamba hajui kilichomo tumboni kama kipo au hakipo, na kwamba anaona haya kubeba jina la mtu asiyekuja.

Mamokhethi alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akamwambia kwamba yeye, alipokuwa na Mokhethi, kutapika kulikoma siku moja kama mvua ya mawe, na jioni yake alikula kichwa cha kondoo peke yake mpaka mama mkwe wake akamwuliza kama amebakisha macho kwa ajili ya wenye nyumba. Alimwambia kwamba mtoto akishakaa sawa humwacha mama yake ale. Alisema hayo kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Lakini naye alikumbuka zile mara mbili, na alipomfunga pini ya blanketi kifuani, aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Wote wawili wakaona.

"Kesho tunashuka zahanati," akasema. "Mimi si nesi. Na cha kushoto changu hakiwezi kuvumilia kubahatisha."

Mzee Pelo hakuambiwa kitu. Mambo ya namna hiyo hayaambiwi baba mkwe. Lakini alfajiri ilipopambazuka farasi alikuwa ameshatandikwa, amefungwa kwenye nguzo, na juu ya tandiko lilikuwa limekunjwa blanketi la mzee mwenyewe ili liwe laini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye aibu kidogo, na aibu yake ilitokana na jina lake. Miaka yote aliishi akisikia wanawake wa nyumba yake wanakwama katikati ya sentensi kwa ajili yake. Mapulane hakuwahi kumtazama usoni, wala yeye hakuwahi kumtazama Mapulane. Walijuana kwa vitu: yeye alimwekea kuni mlangoni, mkwe alimshonea mifuko ya koti iliyotoboka, na hakuna aliyeshukuru kwa mdomo.

Walishuka hivyo, mzee mbele ameshika hatamu bila kugeuka, mkwe juu ya farasi, na Mamokhethi nyuma kwa miguu, akilalamikia mawe, akilalamikia farasi, akilalamikia serikali iliyojenga zahanati chini badala ya juu. Alilalamika njia nzima. Mapulane alimshukuru kwa hilo, maana hakupata nafasi ya kuwaza.

Zahanatini palikuwa na benchi limejaa wanawake, nusu yao wamevaa magauni aliyoyashona yeye. Nesi alikuwa mgeni, Sista Nthabeleng, msichana wa Maseru aliyehamishiwa milimani siku si nyingi. Alikuwa mwema na mwenye haraka. Alimpima uzito, akampima presha, akaanza maswali, Mapulane akajibu vizuri hadi walipofika kwenye magonjwa. Sukari? Hana. Kifafa? Hana.

"Umewahi kusumbuliwa na moyo?"

Mapulane akainamisha uso. "Cha kushoto changu ni kizima, Sista. Hupiga haraka tu nikiwa na hofu."

Nesi akainua kichwa. Akauliza kushoto wapi. Mapulane akagusa kifua. Nesi akauliza ni titi, na je, lina uvimbe? Mapulane akasema si titi, ni ndani. Nesi akauliza kama ndani kunauma. Mapulane akasema hakuumi, ila wakati mwingine kinaruka. Nesi akaweka kalamu chini, akaushika mkono wake wa kushoto, akaukunja na kuukunjua, akauliza kama umekufa ganzi. Akamtazama kucha.

Mwishowe akamwita mama mkwe aingie, labda yeye ataeleza. Mamokhethi akaingia, akaulizwa mkwe wake anaumwa nini upande wa kushoto, akajibu kwa heshima zote kwamba haumwi kitu, upande wa kushoto wana cha kushoto kama watu wengine, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufa kwa cha kushoto. Nesi akawatazama wote wawili, wameshika vifua vyao, na mawazo yake yakakimbilia kifua kikuu. Akafungua kabati akatoa kikopo cha makohozi. Akaanza kuwaeleza kwa upole jinsi ya kukohoa kutoka chini kabisa.

Mamokhethi alikuwa ameshaanza kukohoa pale sauti ya mwanamume iliposikika dirishani.

"Binti yangu, samahani," ikasema. Mzee Pelo alikuwa nje ameshika hatamu, amelipa dirisha mgongo, ameinamisha kichwa. "Wanataka kusema moyo. Ni jina langu. Ndiyo maana hawawezi. Uniwie radhi kwa usumbufu."

Sista Nthabeleng akakitazama kikopo, akamtazama Mamokhethi aliyekuwa amebeba pumzi ya kukohoa, akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema kwamba bibi yake mwenyewe hakutaja maziwa maisha yake yote, kwa sababu kama hiyo hiyo, na nyumbani kwao walikuwa wakinywa kitu kinachoitwa nyeupe. Akamtoa Mamokhethi nje kwa shukrani, akafunga mlango, akaketi karibu zaidi. Kuanzia hapo alimsemesha Mapulane kama dada.

Ndipo Mapulane akaweza kumwambia kilichomleta. Alimwambia habari ya zile mimba mbili na kichefuchefu kilichokatika. Nesi hakucheka tena. Alimweleza kwamba ameuvuka ule mwanzo mgumu na sasa ameingia mwezi wa nne, na kwa wanawake wengi hapo ndipo kichefuchefu huaga. Kondo la nyuma limeshika kazi yake, mwili umeuzoea ugeni, uchovu unapungua, njaa inakuja kwa kasi. Akamwambia asishangae pua ikiziba bila mafua, wala fizi zikitoa damu kidogo akipiga mswaki, wala mvuto wa ghafla kinenani akigeuka kitandani, kwa kuwa tumbo linavuta kamba zake. Asimame taratibu asije akaona kizunguzungu. Akamwambia asisubiri mateke kwa sasa, bado mapema, na yakianza hayatakuwa mateke, yatakuwa kama kitu kidogo kinachojigeuza ndani. Lakini akiona damu ukeni, au maumivu makali ya tumbo, au homa, asijifiche nyuma ya zizi lolote, ashuke siku hiyo hiyo.

"Na farasi basi," akaongeza. "Kuanzia leo tembea. Akikuangusha nitakulaumu wewe, sitamlaumu yeye."

Mapulane aliitikia yote, lakini macho yake yalikuwa yanauliza swali moja tu, na nesi aliliona. Hakumwahidi kitu. Alimlaza kitandani. Ile pembe ya mbao ya kusikilizia aliiacha ukutani, akasema wakati wake bado, akatoa kifaa kidogo chenye waya na spika. Akampaka kitu cha baridi chini ya kitovu, akaanza kutafuta.

Kilichosikika kwanza kilikuwa mvumo tu, kama upepo kwenye mabati. Nesi akasogeza. Mvumo. Akasogeza tena, polepole, uso umetulia kwa namna ambayo Mapulane aliijua, maana ndivyo naye alivyotuliza uso wake mbele ya mteja gauni likimkataa. Ikasikika sauti nzito ya kudunda taratibu. Mapulane akashika ukingo wa kitanda, lakini nesi akatikisa kichwa akasema hiyo ni yake mwenyewe, ya mama. Akashusha kifaa chini zaidi, akakiinamisha.

Ikaja. Ilikuwa ya haraka, nyepesi, haikosei hata pigo moja. Mapulane aliitambua sauti hiyo kabla hajaambiwa, kwa sababu ameishi nayo. Ilikuwa kama cherehani yake inapopita kwenye mshono mrefu, kitambaa kimekaa vizuri, uzi haukatiki. Alilala pale akasikiliza mtu mdogo anajishona. Machozi yalimtiririkia masikioni, na hakuyafuta, aliogopa akijitikisa sauti itapotea.

"Huyo ni mtoto wako," Sista Nthabeleng akasema. "Yupo, na ana haraka kama mimi."

Mapulane alijifuta tumbo, akavaa, akapewa vidonge vya kuongeza damu na kuonywa asivimeze na chai, akaitikia bila kujua anaitikia nini. Akasukuma mlango. Nje jua lilikuwa limeshapanda, na benchi zima lilimgeukia. Mamokhethi alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imekamata blanketi. Mzee alikuwa pale pale kando ya farasi, amewapa mgongo, anasafisha hatamu iliyokuwa safi.

"Mama," Mapulane akasema, "moyo unapiga. Moyo wa mtoto. Nimeusikia moyo wake kwa masikio yangu."

Mara tatu, kwa Kisotho safi, mchana kweupe, hatua chache nyuma ya mgongo wa mwenye jina. Mwanamke mmoja benchini akajifunika mdomo kwa ncha ya blanketi. Mapulane mwenyewe alisikia alichosema baada ya kukisema, akapiga magoti palepale kwenye changarawe.

Mzee Pelo aliacha kusugua hatamu. Aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu kondoo wa kumkaribisha achinjwe, alimtazama mkwe wake usoni.

"Naam," akaitika, kama mtu yeyote anayeitikia akiitwa. "Nipo hapa, mwanangu. Nimesikia."

Kisha akageuka tena haraka, akaingiza kichwa chini ya shingo ya farasi, akakaa huko muda mrefu akikaza mkanda wa tandiko uliokuwa umekazwa. Waliokuwa karibu wanasema mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mamokhethi alimwinua mkwe, akamkumbatia, akamwambia sikioni kwamba ni mpumbavu, na kwamba atalipa kuku, na kwamba Mungu ni mwema, yote kwa pumzi moja. Kurudi, kwa kuwa Mapulane amekatazwa farasi, naye mzee hawezi kukaa juu yake huku wanawake wakitembea, alipanda Mamokhethi. Alilalamikia tandiko mpaka nyumbani.

Faini ya kutaja jina la baba mkwe ni kuku, na Mapulane alikuwa naye mmoja tu wa kwake, yule mwekundu aliyezoea kutagia chini ya meza ya cherehani. Alimleta kwa mikono yake bila kinyongo. Alichinjwa kabla jua halijatua, akapikwa na Mamokhethi mwenyewe. Mkwe naye aliingia chumbani, akaitoa futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwake. Alitazama ilipokutana, akacheka peke yake, akakaa kwenye cherehani na kulifumua gauni la bluu mishono ya pembeni. Alikuwa ameacha akiba ya kitambaa humo tangu alipolishona, mwaka wa harusi. Alikuwa amesahau.

Simu ililia katikati ya kazi hiyo, ingawa haikuwa Jumamosi. Mokhethi hakuweza kusubiri, tangu mkewe alipomkwepa simuni. Akauliza swali lake lile lile.

"Pulane hajambo," mkewe akamjibu. "Anashona."

Chakula kilipoiva, mzee alikaa upande wake karibu na mlango, wanawake upande wa moto, kama kawaida. Mamokhethi akapakua. Sahani ya kwanza ilikuwa ya mwenye nyumba: paja, kipande cha kifua, na juu kabisa, peke yake, moyo wa yule kuku, mdogo, mweusi mweusi kwa kuiva. Akampelekea. Mzee aliishika sahani, akaitazama. Akakichukua kile kipande kwa vidole, akakiweka kwenye kifuniko cha sufuria, akakisukuma upande wa moto.

"Hiki cha kushoto," akasema, "mpe Mapulane."

Hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Halikuwa lake. Lilikuwa neno la wanawake, walilojitengenezea kwa ajili ya kumzunguka yeye, na wao walidhani miaka yote hiyo hata halijui. Mamokhethi alibaki na mwiko hewani, mchuzi unamdondokea miguuni.

Mapulane alikipokea kwa mikono miwili, akakila chote, mbele yao, bila kwenda nyuma ya zizi. Kisha akaomba makande.